Volkano ya Mutama Mwekundu

Aa, hapana, Béata mujukuu wangu, mulima haikupasuka. Kama ilipasuka siku ile, wewe ungezaliwa na nani? Ikala chini. Na ninyi munaosoma mu gazeti, ikaleni pia, juu tangu juma iliyopita munanifuata mu njia sawa kuku: "Muzee Damien, ile moshi ilikuwa ya nini? Muzee Damien, walikufa?" Hakuna mutu alikufa. Bwana Meta alijaribu kuua mumoja, lakini hakufaulu.

Tuliachana pale: muchana, jua kali. Barabara mupya mbele ya lupango letu, uwanja wa nyumba yetu, imepasuka ufa, na ndani ya ufa inatoka moshi. Bwana Meta, muzungu wa barabara, amesimama pale na viatu vyake vyeupe, anapiga kelele: "Volkano!"

Na mu lupango letu, Papa Munyaneza, muzee wa Masisi, baba ya bibi-harusi, alikuwa tu amemaliza kusema: "Basi, leteni pombe."

Ile "volkano" na ile "pombe" zilitoka saa ileile, kila mumoja na mudomo wake.

Weh! Goma iko muji wa watu wenye akili. Wakisikia volkano, hawaulize mara mbili. Jirani yetu alibeba godoro. Bibi yake akabeba mulango. Mulango! Nyumba iungue, mulango ibaki, watafungua nini? Katekista wetu, ule alitufundisha kila Siku ya Mungu kwamba mukristo haogope kufa, alitupita wa kwanza mu njia ya Gisenyi, kanzu ameishika na meno.

Papa Munyaneza hakuinuka. Aliweka fimbo yake juu ya magoti, akaangalia watu wanapita.

"Kama munataka kukimbia, kimbieni," alisema. "Mimi ninangoja pombe."

Mama yangu, Mukantwari, akapiga magoti mbele yake. "Papa, muzungu amesema volkano imeamka."

"Nimesikia, mama. Ile volkano ninaiona kila asubuhi nikitoka kukojoa. Ninajua hasira yake. Lakini volkano ya kuamka dakika ileile mutu ameomba pombe, ile sijaona bado." Akageukia watu wake wa Masisi. "Hawana kasiksi ya ndizi, hawa. Wamekosa kasiksi, wanatuletea volkano."

Watu wa Masisi wakacheka. Sisi hatukucheka.

Muelewe vizuri ile hasira ya Papa Munyaneza. Desturi yetu iko hivi: upande wa kijana ndio wanabeba pombe, wanapanda kwa baba ya binti, wanaomba. Ule muzee akageuza desturi miguu juu. Alituma neno: "Ninyi watu wa Goma munaweza kununua pombe ku soko ya Kiwanja na kuniambia ni ya kwenu. Nitashuka mwenyewe. Nitakunywa kasiksi pale ndizi yake iliiva. Mutu asiye na udongo wa kuzika ndizi, kitovu cha mujukuu wangu atakizika wapi?"

Na akaongeza, juu yeye alikuwa mutu wa huruma: "Nikikosa kuonja, sitakula. Na nikikosa kula, ninarudi na binti yangu."

Sasa Béata, wewe unakunywa fanta, haujui. Kasiksi haifanywe na ndizi mbichi. Unachimba shimo mu udongo, unatandika majani ya mugomba, unazika ndizi zako, pembeni unawasha moto ya kuvukisha. Joto inaivisha. Kisha unakamua ndani ya muvure, ule mutumbwi mukubwa wa muti, unatia unga wa mutama wa kukaanga, unafunika, unangoja. Masisi, ile ni kazi ya jembe na wimbo. Goma, unapiga jembe chini, jembe inalia ngee, unabaki na mupini mu mukono. Chini ya kila nyumba iko mawe ya moto wa zamani, na chini ya yale mawe iko mawe ya moto wa zamani zaidi. Hapa kwetu hata choo unachimba kwa sala.

Lakini nyuma ya jikoni yetu kulikuwa tundu.

Ile moto ya zamani, vile ilipita, juu ikakauka kwanza, ndani ikaendelea kutembea mpaka ikatoka yote. Ikaacha pango, sawa mukate ile panya amekula ndani na kuacha ngozi. Pango ilianza ku jikoni, ikapita chini ya lupango, ikaenda mpaka chini ya barabara. Papa yangu, Habarurema, akabeba udongo na kitunga kutoka Keshero, kitunga kwa kitunga, akamwaga mule. Watu walimucheka: "Habarurema analima kaburi yake." Yeye akabeba kitunga ingine. Ndizi zikaiva mule. Muvure ikawekwa mule. Juu, serikali inajenga barabara ya kisasa. Chini, sisi tunajenga harusi.

Juu ya nini tulijificha? Juu miaka ile, kupika kasiksi ndani ya muji kulikatazwa. Wakikukamata wanamwaga pombe mbele ya macho yako, kisha wanakufunga. Mpaka leo sijui azabu gani kati ya zile mbili ilikuwa kali.

Na mule chini, siku ile, kulikuwa shangazi yangu Mukamazimpaka, dada ya papa. Kazi yake: kulinda moto kidogo pembeni ya muvure, juu kasiksi ikipata baridi siku ya mwisho, inalala. Moto kidogo! Shangazi hakujua neno kidogo. Akipika chai ya mutu mumoja, unafikiri jeshi inafika. Na juma ile mashini ya Bwana Meta ya kukandamiza barabara ilipita juu ya pango, ikapasua paa.

Ndio moshi ile. Volkano ya shangazi.

Sasa muone shida yetu. Tukisema kweli, papa anaingia gereza na kasiksi inamwagwa. Tukinyamaza, Papa Munyaneza anarudi na binti yake Apolline, na kaka yangu Onésime, bwana-harusi, ule amesimama pale na koti ya kuazima, mikono inapita kimo cha koti, anabaki sawa muti wa kutundika nguo.

Mu ile saa, Bwana Meta akaanza kutoa amri.

"Kamyo!" akapiga kelele. "Simenti! Ziba! Ziba yote! Haraka!"

Kiswahili yake ilikuwa ya amri tupu: leta, peleka, haraka, ziba. Ukimusalimia "habari ya asubuhi", alitafuta mutu wa kumutafsiria. Ile kazi ilikuwa ya karani Théoneste, kijana wa Rutshuru, soksi mpaka mu magoti.

Kamyo ikaondoka mbio kubeba simenti.

Nikahesabu mu kichwa: ufa iko hapa, muvure iko chini yake kabisa, shangazi iko pembeni ya muvure. Wakimwaga simenti, hakuna kasiksi, hakuna bibi-harusi. Na hakuna shangazi pia, lakini, Mungu anisamehe, mu lile lupango watu wote walikuwa wanalilia kasiksi.

Nikatoka mbio nyuma ya jikoni. Askari mumoja wa kulinda barabara akanikamata ku shati.

"Unaenda wapi, we?"

"Ku choo, afande."

"Volkano iko mu choo?"

"Sijui, afande. Ndio ninaenda kuangalia."

Akanirudisha na teke moja, ya adabu. Amri ilikuwa hakuna mutu anaingia mu nyumba. Kumbe papa yangu alikuwa ndani tayari, amejificha nyuma ya mifuko ya maharagi, tangu aliona kofia ya askari.

Bwana Meta, wakati anangoja simenti, akaona heri apime. Yeye, akikosa kitu cha kupima, aliugua. Tulimuita Bwana Meta juu alipima barabara, alipima mifereji, siku moja mbuzi ya mama ililala mu njia yake, akapima mbuzi. Akatosha mu mufuko termometre yake ya kupima joto, akafunga kamba, akaishusha mu ufa.

Watu wake wa kazi wakakaribia. Kapita wao, mukubwa wa kazi, Sibomana, mutu wa tumbo na pua kubwa, akavuta hewa mara moja. Akafunga macho. Akavuta tena.

"Sibomana," mumoja akamunong'oneza, "hii harufu..."

"Nyamaza. Ni volkano."

"Lakini kapita, hii iko..."

"Nimesema volkano! Unataka wazungu waimwage?"

Wote walikuwa watu wa Rutshuru na Masisi. Wote walijua. Wakasimama kuzunguka ile ufa na heshima kubwa, sawa watu mu misa.

Bwana Meta akavuta kamba. Termometre ikakuya juu, inatona maji ya rangi ya dhahabu.

"Ah!" akasema. "Maji! Chini iko maji ya moto!"

Hapa nieleze, juu mutafikiri ninasema uongo. Shangazi, chini, aliona kitu cha kung'aa kinashuka mu kamba mbele ya pua yake. Yeye hakusikia mambo ya volkano, mawe yalikula sauti. Alijua tu kwamba juu kuna wageni na wamekawia kuletewa pombe. Akajisemea: "Aa, wakwe hawa wa Masisi, hawana subira! Wanataka kuonja mbele." Mukwe akiomba kuonja, unamukatalia? Akachovya ile kitu ndani ya muvure, vizuri, mpaka mu shingo, akavuta kamba kwa kuonyesha tayari.

Bwana Meta akafunga sasa kopo ya nyama, kopo tupu, ku kamba. "Ninataka mengi," akaambia Théoneste. "Mengi, tupeleke kwa wataalamu."

Kopo ikashuka. Ikakawia. Sisi mu lupango tulikuwa tumeinuka, tunachungulia juu ya ua. Hata Papa Munyaneza alisimama, akaweka mukono juu ya macho.

Kopo ikarudi. Imejaa, povu juu, haijamwaga hata tone.

Na ndani yake muheha. Kirija, Béata! Ule mwanzi mwembamba wa kufyonza pombe. Shangazi alikuwa mutu wa adabu, hakuweza kumupa mukwe pombe bila muheha.

Bwana Meta akaangalia muheha. Akaangalia ufa. Akaangalia muheha tena.

"Théoneste. Hii ni nini?"

Théoneste jasho ikamutoka mpaka mu soksi. "Bwana... ni majani. Majani ya chini. Yanaota mu volkano."

"Yako na tundu katikati!"

"Ndiyo, Bwana. Juu ya joto."

Wazungu wanasoma sana. Bwana Meta akakubali na kichwa, pole pole, sawa mutu amepata neno kubwa.

Sibomana akashindwa. Alikuwa mutu sawa ninyi. Akasema, "Bwana, mimi nitajaribu, watu wasife," na kabla mutu hajajibu, akakamata kopo, akaingiza muheha mu mudomo, akafyonza. Fyuuu. Macho ikafunguka. Machozi ikatoka.

"Weka chini!"

Ile sauti haikuwa ya Bwana Meta. Papa Munyaneza alikuwa ametoka mu lupango. Askari alitaka kumuzuia, akaona fimbo, akakumbuka ako na watoto.

"We, tumbo," muzee akasema. "Wewe ni nani?"

"Mimi? Sibomana, papa. Kapita."

"Sikuulize kazi. Kwetu, mwenye pombe ndio anaonja wa kwanza, wageni waone haina sumu. Wewe umeonja wa kwanza. Basi pombe ni yako. Basi wewe ndio umeniita kutoka Masisi. Wewe ndio unaomba binti yangu?"

Watu wakageukia Sibomana.

Sibomana akaangalia mu lupango, pale Apolline amesimama kati ya mashangazi zake, kitambaa mu kichwa, muzuri sawa asubuhi ya Munigi. Akameza mate. "Papa, mimi niko na wake wawili. Lakini kama ni lazima..."

"Nitakuua!" Onésime akapiga kelele. Ndio neno la kwanza alisema tangu asubuhi. Akaruka ua na ile koti ya kuazima, mukono moja wa koti ukabaki ku ua. Tukamukamata, tuko watu wengi.

"Mwenye pombe atoke," Papa Munyaneza akasema, na sasa hakupiga kelele tena, ile ilikuwa mbaya zaidi. "Atoke hapa, aonje mbele yangu. Kama hakuna mwenyewe, hii ni pombe ya njiani. Binti yangu haombwe na pombe ya njiani. Apolline, beba vitu."

"Papa," Apolline akajibu kutoka ku ua, "vitu nitabeba. Lakini toka jana haujakula. Ukianguka mu mulima, nitakubeba wewe ao vitu?"

"Nyamaza."

"Ninanyamaza, papa. Ni tumbo yako inasema."

Mama yangu hakungoja kusikia mengine. Akageuka, akaingia mu nyumba. Askari akasema "mama, mama, hapana," mama akamupita sawa anapita kuku. Nilisikia yote ku dirisha.

"Habarurema. Toka mu maharagi."

"Mukantwari, pale inje kuko askari."

"Ninawaona."

"Nikisema pombe ni yangu, leo ninalala gereza."

"Ndiyo."

"Na itamwagwa."

"Labda."

"Basi unaniambia nini, bibi?"

"Ninakuambia ulibeba udongo na kichwa kutoka Keshero, mpaka nywele zikaisha hapa katikati. Watu walikucheka, mimi nikakupikia. Sasa kuna muzee anauliza nani ako na udongo mu Goma. Unataka Sibomana ajibu? Mu gereza watu wanatoka, Habarurema. Binti akipanda Masisi leo, hatarudi."

Mufuko wa maharagi ukaanguka.

Papa yangu akatoka. Mufupi, shati ya misa, maharagi mbili mu ndevu. Akapita mbele ya askari, akapita mbele ya watu wa kazi, wakamufungulia njia. Akafika ku Sibomana, akakamata kopo. Akafyonza. Kisha akainua uso, akamuangalia Papa Munyaneza.

"Iko yangu," akasema.

Bwana Meta alijua lile neno. Yangu, yako: katika Kiswahili ya amri, maneno yale yanakaa mbele. Uso wake ukageuka mwekundu.

"Yako? Nini yako? Théoneste! Ule mutu anasema nini?"

Sasa muangalie Théoneste. Mutoto ameenda masomo, ako na kazi ya biro, soksi mbili zinafanana. Neno moja la kweli na anapata sifa kwa muzungu wake. Akamuangalia papa. Akaangalia maharagi mu ndevu. Akaangalia ile kopo, nadhani akaiangalia kupita yote.

"Bwana," akasema na Kifaransa, "ule muzee anasema hatari iko yake. Lupango yake ndio ya karibu. Anasema kama ile maji iko na sumu, heri imuue yeye kwanza, Bwana asijaribu bure."

Kidevu cha Bwana Meta kikatikisika. Akatosha kofia mu kichwa.

Kofia, Béata! Mbele ya Habarurema! Tulikuwa tumezoea sisi ndio tunatosha. Hatukujua hata kama ile kichwa iko na upara.

Na papa, hajui hata kitu kimoja, anasimama pale anangoja minyororo, mikono amekwisha kunyoosha mbele. Bwana Meta akazikamata zote mbili, akazitikisa juu na chini. Papa akafikiri ndio vile wanafunga watu siku hizi.

Kisha Papa Munyaneza akanyoosha mukono. Papa akamupa kopo, na mikono mbili, vile inafaa.

Muzee wa Masisi akanusa. Akatema mate pembeni kwa kusafisha kinywa. Akafyonza. Akafunga macho. Ninyi mumesoma mambo ya wafalme wanakata maneno. Mimi nilimuona ule muzee na kopo ya nyama, na ninakuambia hata askari aliacha kupumua.

"Hii volkano," akasema mwisho, "waliitia mutama mwekundu."

Watu wake wakasogea.

"Na ndizi yake iliiva mu udongo. Si mu pipa. Si mu mufuko. Mu udongo." Akapiga barabara na fimbo, tok tok, akasikiliza pale chini panajibu utupu. "Mu nyumba ya mawe, mutu amebeba udongo akauweka chini ya mawe. Habarurema, wewe ni mwenda wazimu."

"Ndiyo, papa mukwe," papa akajibu. Alikuwa anajibu ndiyo ku kila kitu.

"Mwenda wazimu sawa wewe hataacha mutoto wangu kulala njaa. Nimekubali."

Wanawake wakapiga vigelegele mpaka wale walikuwa wanakimbilia Gisenyi wakaongeza mbio.

Ndipo kamyo ya simenti ikafika.

Muliisahau, eh? Sisi pia. Ikakuya na vumbi, ikageuza mugongo ku ufa, watu wakapanda na mapauro ya kumwaga simenti. Na shangazi mule chini, pengine anachota kopo ya pili!

"Bwana!" nikapiga kelele. "Bwana Meta, usizibe!"

Kila mutu akanigeukia.

Bwana Meta hakunisikia. Alikuwa anaangalia papa yangu, muzima. Anaangalia Papa Munyaneza, muzima, na uso inang'aa. Anaangalia Sibomana, ule alikuwa anaimba pole pole. Akakamata kopo. Ilibaki robo. Akaweka muheha pembeni, akakunywa vile wao wanakunywa, kichwa nyuma.

Akapanguza mudomo na mukono.

"Théoneste," akasema. "Nahitaji ingine. Kwa kuhakikisha."

Kopo ikashuka, ikapanda. Akahakikisha. Ikashuka tena. Nakuambia sayansi siku ile ilitembea sana. Mpaka leo sijui kama ule muzungu alijua ao hakujua. Ku kopo ya tatu alimukonyeza mama yangu jicho, lakini labda ilikuwa vumbi.

Mwisho akapanda juu ya jiwe. "Hapana simenti! Peleka! Hii kitu ni ya maana. Barabara itapita pembeni!"

Na ikapita pembeni. Ndio sababu wenye mapikipiki leo, wakifika pale, wanapinda bila kuona nyumba wala muti, wanatukana serikali. Waache watukane. Barabara inamupisha shangazi yangu.

Askari akatuachilia. Tukamutosha shangazi mu tundu ya jikoni, mweusi sawa chungu. Neno lake la kwanza: "Wakwe hawa wanakunywa! Watabakiza kitu kweli?"

Mama akapanga mikeka. Bugali ikatoka, mbuzi ikatoka, maharagi, lengalenga. Chakula ilingoja toka asubuhi, na sisi sawasawa. Papa Munyaneza akanawa mikono. Tukajua yamekwisha.

Bwana Meta akaingia ku lango, kofia mu mukono, mashavu mekundu. Théoneste nyuma yake, uso wa majivu.

"Anasema nini?" papa akauliza.

"Anasema asante ya kumualika."

"Nani amemualika?"

"Na anasema," Théoneste akavuta soksi zake, "ametuma neno Bukavu. Kesho asubuhi wataalamu wa volkano wanafika. Na kamba na taa. Watashuka mule chini wenyewe, wapime ile maji yote."

Mama akaacha mwiko mu hewa. Papa akakamata kichwa, pale hapana nywele. Mule chini muvure ilikuwa bado karibu kujaa: shangazi alipika sawa anapikia jeshi.

Tukamuangalia Papa Munyaneza. Ule muzee akaangalia Habarurema, mukwe wake mupya. Akaangalia watu wake wa Masisi, wanaume wa milima na shingo nene. Akaangalia Sibomana na watu wake wa kazi, wamejipanga ku ua sawa ndege.

"Kesho wanakuta mawe tu," akasema. "Fungulieni wale, waingie. Mama Mukantwari, gawa nyama nene, mutu hawezi kumaliza volkano na tumbo tupu. Shangazi, rudi chini na kopo. Apolline, ikala pembeni ya bwana yako. Bwana Meta, songa kidogo, unaikalia bugali."

Bwana Meta akasonga. Na sisi wote, wa Masisi na wa Goma, kapita na karani, tukaikala chini, tukakula.